Daftari la mwakilishi: jinsi ya kukifanya chama cha walimu kiwafae na watoto

Jumatano moja ya Machi 2017, saa tatu asubuhi, nilipita nje ya darasa la kwanza nikasikia kelele ambazo si za watoto wanaosoma. Nikachungulia. Watoto 168 walikuwa mle ndani, wengine wamebanana wanne wanne kwenye dawati la watatu, wengine sakafuni, na mbele ya ubao hakuna mtu. Mwalimu wao alikuwa ameondoka alfajiri kwa bodaboda kwenda makao makuu ya wilaya kuulizia malimbikizo yake ya mshahara. Ilikuwa mara yake ya nne tangu shule zifunguliwe.

Sikuweza kumlaumu. Alikuwa anadai miezi 14, na mtoto wake wa kidato cha pili alikuwa nyumbani kwa kukosa nauli ya kurudi shuleni. Niliwaachia darasa langu la tano zoezi la hesabu ubaoni, nikaingia kwa wale wadogo tukaanza kuimba irabu. Kutwa nzima nikawa mwalimu wa vyumba viwili, na kusema kweli hakuna chumba kilichofundishwa.

Wakati huo nilikuwa nimechaguliwa mwakilishi wa chama shuleni kwetu miezi miwili tu nyuma, na nilichokijua kuhusu kazi hiyo ni kugawa fulana za Mei Mosi. Nimeifanya kazi hiyo miaka saba, katika shule ya msingi ya serikali huko milimani, mkoani Tanga. Haya ninayoandika ni kwa mwalimu aliyechaguliwa jana, hajui aanzie wapi, na anawapenda watoto wake kama anavyoipenda haki yake.

Kwanza, jua umebeba nini

Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kiliandikishwa mwaka 1993. Kabla ya hapo walimu tulikuwa ndani ya chama kimoja cha wafanyakazi wote, pamoja na wa viwandani na wa bandarini. Mwanachama anakatwa asilimia 2 ya mshahara kila mwezi. Hata asiyejaza fomu ya uanachama anaweza kujikuta anakatwa ada ya uwakala, kwa sababu sheria inakiruhusu chama chenye wengi mahali pa kazi kumwakilisha kila mtu. Vyama vingine vya walimu pia vipo siku hizi. Ninayoyaeleza yanafaa kwa chama chochote ulichomo.

Sheria yako ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Tafuta nakala ya Kiswahili, ipigie chapa, na kifungu cha 62 ukisome mpaka ukijue kama ratiba ya vipindi. Kinasema wanachama 1 hadi 9 wanakuwa na mwakilishi mmoja, 10 hadi 20 wawakilishi watatu, 21 hadi 100 wawakilishi kumi. Kinakupa kazi ya kuwawakilisha wenzako kwenye malalamiko na mashauri ya nidhamu, kuzungumzia afya, usalama na ustawi wa mahali pa kazi, kushauriana na mwajiri kuhusu tija, na kuangalia kama mwajiri anafuata sheria. Tena kinakupa muda wa kutosha wa kufanya kazi hiyo bila kukatwa mshahara.

Rudia hapo penye usalama na tija. Mahali pa kazi pa mwalimu ni darasa. Usalama wa darasa ni paa lisilovuja na choo kisichotitia, na tija ya mwalimu ni mtoto kujua kusoma. Atakayekwambia chama hakihusiki na idadi ya madawati, mfungulie ukurasa huo. Kuna na andiko la zamani zaidi. Oktoba 5, 1966, mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulipitisha Mapendekezo kuhusu hadhi ya walimu, kazi ya pamoja ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani, na ndiyo sababu Siku ya Walimu Duniani huwa tarehe hiyo. Humo imeandikwa kwamba vyama vya walimu vitambuliwe kuwa ni nguvu inayoweza kuchangia sana maendeleo ya elimu, na kwa hiyo vishirikishwe katika kupanga sera ya elimu. Mimi huyasoma hayo mkutanoni kila Oktoba, kwa sauti.

Msiwe na mwakilishi mmoja kama mnastahili watatu

Sisi tulikuwa walimu 11, wote wanachama, na mwakilishi mmoja tu kwa miaka yote. Tulipoisoma sheria tukaongeza wawili. Mmoja awe mwalimu mgeni kazini, kwa sababu wageni ndio wenye matatizo ya kuthibitishwa na hawathubutu kusema mbele ya wakubwa. Mmoja awe na mwandiko mzuri na asiyechoka na karatasi. Na angalau mmoja awe mwanamke, kwa kuwa kuna mambo ya uzazi, ya unyonyeshaji na ya kusumbuliwa ambayo mwalimu wa kike hatamweleza mwanamume hata kama wanaheshimiana.

Mwalimu mkuu asiwe mwakilishi. Yeye ndiye mkono wa mwajiri pale shuleni, hata kama ni mwanachama na anakatwa kama ninyi. Ila mpelekeeni taarifa ya kuchaguliwa kwenu kwa barua, siku ileile, na mwombeni mnapoweza kukutana. Wa kwetu alitupa saa nane mchana kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, watoto wakishatoka. Hakuna kipindi kilichoguswa, na jambo hilo lilitujengea heshima kwa wazazi kuliko hotuba yoyote.

Daftari

Hapa ndipo pana kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nunua kaunta buku ya kwaya tatu, yenye jalada gumu. Usitumie simu peke yake. Simu huibiwa, hufutika, na afisa hawezi kupiga muhuri juu ya kioo. Pigia mistari ya safu sita: tarehe, jina la mwalimu, jambo lenyewe, nyaraka zilizopo, hatua iliyochukuliwa na saini ya aliyepokea, na ya mwisho, ambayo nimeibuni mwenyewe: siku za darasani zilizopotea.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyobadilisha mazungumzo yetu yote. Kuanzia Jumatano ile ya Machi nilianza kuandika kila mara mwalimu alipoondoka kwenda kufuatilia dai lake: nani, kwa lipi, alirudi lini. Za Januari na Februari nilizikusanya kwa kuwauliza wenzangu nikilinganisha na kitabu cha mahudhurio. Mwezi Juni nikajumlisha. Walimu 11 walikuwa wamefanya safari 29 na kupoteza siku 41, maana wengine waliambiwa warudi kesho wakalala mjini. Kwa wastani wa vipindi sita kwa mwalimu kwa siku, hivyo ni vipindi 246. Karibu vyote ni vya kuuliza swali moja na kujibiwa kwamba faili halijaonekana.

Mwalimu akisema anadai pesa zake, wapo watu watakaomwona ana njaa tu. Mwalimu akisema watoto wa kijiji hiki wamekosa vipindi 246 kwa sababu majibu hayatoki kwa wakati, hata mwenyekiti wa kijiji anaweka kikombe chini. Dai ni lilelile na pesa ni zilezile, lakini sasa na mzazi ana lake humo ndani.

Usiandike uvumi kwenye daftari. Usiandike hasira. Andika hivi: "12/5/2017. Mwalimu wa darasa la pili. Nauli ya likizo. Barua ya maombi ya tarehe 3/11/2016, nakala ipo. Imepokelewa masjala, saini ipo. Siku 2." Basi. Mstari mkavu kama huo una nguvu, kwa sababu hauna mahali pa kubishia.

Kila dai lina mlango wake

Walimu wengi wanapoteza miezi kwa kugonga mlango usio wao. Lipange dai kabla hujapanda gari.

Malimbikizo ya mshahara, yaani tofauti ya mshahara baada ya kupandishwa daraja au mshahara uliochelewa kuanza, hulipwa kutoka serikali kuu kupitia mfumo wa mishahara. Kazi ya afisa utumishi wa halmashauri ni kulihakiki na kuliingiza. Kwa hiyo unachomdai yeye ni uthibitisho kwamba ameliingiza, na lini. Ambatisha barua ya kupanda daraja, hati za mshahara za kabla na baada, na hesabu yako iliyoandikwa mwezi kwa mwezi. Waliokwama pale serikali iliposimamisha upandishaji wa madaraja mwaka 2016 kwa ajili ya uhakiki wa watumishi hewa waweke na mlolongo wa barua zao zote, kwa mpangilio wa tarehe.

Madai yasiyo ya mshahara ni ya halmashauri yenyewe: nauli ya likizo, ambayo mtumishi analipiwa kila baada ya miaka miwili, gharama za matibabu, na uhamisho. Uhamisho unalipwa ikiwa mwajiri ndiye aliyekuhamisha, si wewe uliyeomba, na hapo weka barua ya uhamisho, barua ya kuripoti kituo kipya, hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na risiti ya kusafirisha mizigo. Nimeona dai la mwaka mzima likirudishwa kwa kukosa cheti kimoja cha kuzaliwa.

Kuthibitishwa kazini, kupanda cheo na nidhamu ni mambo ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 kuchukua nafasi ya iliyokuwa Idara ya Utumishi wa Walimu. Ina ofisi wilayani. Ukienda kwa mkurugenzi kuuliza ya Tume utazungushwa bila hata mtu kuwa na nia mbaya.

Kisha fanya safari moja badala ya kumi na moja. Mwezi Julai, shule zikiwa zimefunguliwa wiki moja, niliomba ruhusa ya siku moja kwa barua, nikitaja kifungu cha 62. Wenzangu walinikabidhi faili zao, kila moja ndani ya bahasha ya kaki yenye jina na orodha ya vilivyomo. Nikafika kwa afisa utumishi saa mbili na nusu, kabla foleni haijawa ndefu. Alikuwa mama wa makamo, meza yake imejaa mafaili mpaka hauoni mikono yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Leo mmekuja wangapi?"

"Nimekuja mmoja, ila nimebeba wanane."

Akasogeza bilauri ya maji pembeni, akaomba bahasha ya kwanza. Tulikaa saa mbili. Bahasha tano zilikuwa timamu akazisaini pale pale kwenye daftari langu. Tatu zilipungukiwa, akaniandikia kwa mkono wake kilichopungua. Mwisho akaniambia kwamba walimu huja mmoja mmoja kutwa nzima, kila mmoja na karatasi zake zilizokunjwa mfukoni, na yeye mwenyewe hapati muda wa kuyaingiza madai anayoulizwa. Nilijifunza kwamba naye alikuwa anapoteza siku.

Nakala ya orodha ile niliipeleka ofisi ya chama wilaya. Katibu wa chama wilaya ndiye anayeweza kukaa na mkurugenzi mkiwa mmeshindwa ninyi, lakini mpe kitu cha kushika mkononi. Katibu aliyeambiwa "walimu wa shule ile wanalalamika" hana la kufanya. Katibu mwenye majina manane, kiasi na tarehe ya kupokelewa anaweza kuuliza swali linalohitaji jibu.

Muhula wa kwanza wa 2018 tulifanya safari 7 na kupoteza siku 9. Si madai yote yalikuwa yamelipwa, la hasha. Mwalimu wa darasa la kwanza alilipwa malimbikizo yake baadaye sana. Lakini alikuwa darasani, kwa sababu alijua karatasi yake ilipo na nani anaifuatilia.

Madarasa, vyoo na bajeti

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa wanafichwa na umaskini walijitokeza wote kwa mara moja. Ni jambo la heri, na ninasema hivyo nikiwa ndiye niliyesimama mbele yao. Lakini kati ya shilingi 10,000 za ruzuku kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, zinazokuja shuleni ni 6,000, zinazobaki ni za vitabu vinavyonunuliwa kutoka juu. Gawanya kwa miezi 12: shilingi 500. Kwa pesa hiyo shule inunue chaki, ifanye mitihani, itengeneze kitasa.

Hapa chama kina njia mbili. Njia mbaya ni kukaa ofisini tukisema hali ni ngumu. Nyingine ni kuhesabu kwa kipimo cha serikali yenyewe. Sisi tulifanya hivi mchana mmoja, watatu, kwa kalamu na karatasi. Wanafunzi 783. Kipimo ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kwa hiyo tulihitaji walimu 18, tulikuwa 11. Wasichana 396, kipimo ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, kwa hiyo matundu 20, yalikuwepo 4. Wavulana 387, tundu moja kwa 25, matundu 16, yalikuwepo 3. Na mwalimu mwenye madaftari 168 akilipa kila daftari dakika moja tu, anahitaji karibu saa tatu kusahihisha zoezi moja la somo moja.

Karatasi hiyo moja tuliipeleka sehemu tatu, na mpangilio wa kuipeleka ni muhimu kuliko maneno yake.

Ya kwanza ni kamati ya shule. Wazazi wako humo, na wazazi ndio wenye sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Tuliomba nusu saa. Mzee mmoja aliposikia matundu 4 kwa wasichana 396 aliuliza, "Sasa hawa wajukuu zetu wakati wa mapumziko wanakwenda wapi?" Tukamjibu ukweli: wanakwenda migombani, na wakubwa zaidi hawaji kabisa siku zao za mwezi. Kimya kilichofuata kilifanya kazi kubwa. Wazazi walikubali wenyewe, kwa hiari, kuchimba shimo na kusomba mawe. Angalia hapa: chama kisiitishe michango. Mwalimu wala mwakilishi asimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango wa mzazi, nyaraka za elimu bila malipo zimelikataza hilo wazi. Nguvu za wananchi zipitie kwa uongozi wa kijiji.

Ya pili ni kwa diwani, pamoja na afisa elimu kata. Hapo msiende na chama peke yake, nendeni na mwenyekiti wa kamati ya shule.

Ya tatu, ambayo walimu wengi hawaijui, ni baraza la wafanyakazi la halmashauri. Limewekwa kisheria kwa ajili ya watumishi wa umma, chama kina wajumbe humo, na ndilo linaloletewa makisio ya bajeti kabla hayajapita. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti inapikwa kuanzia mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na kufika Februari halmashauri nyingi zimeshaipitisha. Kwa hiyo karatasi yenu ikifika Mei, mmechelewa mwaka mzima. Sisi tulichelewa mara ya kwanza. Mara ya pili tuliifikisha kwa mjumbe wetu wa baraza mwezi Novemba, ikiwa imesainiwa na kamati ya shule. Mwaka uliofuata tukaletewa saruji na mabati ya kumalizia matundu kumi, juu ya shimo lililochimbwa na wazazi, na walimu wawili wapya. Bado ni pungufu kwa kipimo. Darasa la kwanza tuliligawa mikondo miwili.

Mwalimu akishtakiwa

Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ninaomba uisome taratibu.

Kazi yako ni kuhakikisha mwenzako anasikilizwa kwa haki. Akipewa hati ya mashtaka, aisome mbele yako, ajibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, atunze nakala, na asiende kwenye shauri peke yake. Wengi wanaangushwa na ukimya tu. Mtumishi asiyeonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa anaweza kufukuzwa, na nimeona mwalimu aliyekuwa anaumwa kweli akikaribia kupoteza kazi kwa sababu hakupeleka karatasi ya hospitali. Mpigie simu, mwendee nyumbani, ikamate hiyo karatasi, ipeleke.

Lakini haki ya kusikilizwa si leseni ya kumuumiza mtoto.

Mwenzetu mmoja alimchapa mtoto wa darasa la nne mpaka mkono ukavimba. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Yeye hakuwa ameteuliwa na hakuandika. Walimu walinijia wakitaka chama "kimkingie kifua". Nilichofanya kwanza ni kwenda na mtoto zahanati, kisha tukampigia mama yake tukiwa palepale zahanati, asije kusikia kwa majirani. Jioni ndipo nilipokaa na mwalimu. Nikamwambia nitakuwa naye kwenye shauri mpaka mwisho, na sitasaini maelezo yenye uongo. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniambia kwamba siku ile alikuwa na watoto 94 darasani na hakuwa amekula. Tukayaandika hayo, na kosa lenyewe tukaliandika kama lilivyotokea. Alipewa adhabu, akaipokea. Akamwomba mama yule msamaha mbele ya mwalimu mkuu.

Mimi mwenyewe sikubaliani na kiboko hata kimoja, na wenzangu wanalijua hilo. Tuliitumia Ijumaa moja ya mkutano wetu kufundishana namna ya kulishika darasa kubwa bila fimbo: kugawa vikundi, kuweka viongozi wa vikundi, kupiga makofi ya kuitikiana, kutembea kati ya madawati badala ya kusimama ubaoni. Tukaendelea hivyo kila baada ya mwezi mmoja, sambamba na mafunzo endelevu ya walimu kazini yalipokuja. Mwalimu wa darasa la pili alitufundisha silabi kwa kutumia visoda. Nusu ya mkutano ni madai, nusu ni kufundishana. Jaribuni, mtaona hata mahudhurio ya mkutano yanapanda.

Na kuna jambo ambalo halina mjadala. Mwalimu aliyemgusa mwanafunzi kingono si wa kuletwa kwenye meza ya chama. Ni wa polisi, siku hiyohiyo. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Mwakilishi akisuluhisha jambo hilo kwa ng'ombe au kwa pesa ameukana ualimu.

Kuhusu mgomo

Utaulizwa, hasa na vijana. Julai 30, 2012, CWT kiliitisha mgomo wa nchi nzima. Kilidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi kwenye mazingira magumu. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliamuru usitishwe. Sehemu nyingine wanafunzi waliingia barabarani wakidai wafundishwe. Mimi niligoma. Nilirudi darasani nikiwa na uchungu, na watoto wangu wa darasa la saba walikuwa wamebakiza wiki chache kufanya mtihani wa taifa.

Mgomo ni haki ya kisheria, ila njia yake ni ndefu: mgogoro upelekwe kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi ushindikane, wanachama wapige kura, na mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Shule moja haiwezi kujianzishia. Mwakilishi anayewaambia walimu wake wasiingie darasani kesho anawatoa kafara.

Kidai na chama chenyewe

Mwalimu wa mshahara wa shilingi 700,000 anakatwa 14,000 kwa mwezi, 168,000 kwa mwaka. Shule ya walimu 11 wa mshahara huo inatoa shilingi 1,848,000 kila mwaka. Ziandike ubaoni kwenye mkutano, kila mtu azione. Halafu ombeni kwa barua, kwa adabu, taarifa ya mapato na matumizi ya chama wilayani, na muulize kiasi gani kilitumika kutetea, kiasi gani kufundisha wanachama. Uchaguzi ni kila baada ya miaka mitano. Ukimchagua mtu kwa kuwa anaongea vizuri, au kwa soda, usije kushangaa miaka mitano ijayo. Muulize mgombea: wilaya yetu ina walimu wangapi ambao hawajathibitishwa kazini, na shule ipi ina watoto wengi kuliko zote kwa mwalimu mmoja? Asiyejua, hajawahi kutembelea shule.

Nilihamishwa kituo mwaka 2024, nikakabidhi daftari la tatu kwa mwalimu kijana aliyekuwa mwakilishi mwenzangu. Tulikaa stafu rumu mpaka jua likazama, nikimwonyesha mstari kwa mstari ni dai lipi limelipwa na lipi bado. Kulikuwa na madai manne wazi, moja la mwaka 2019. Mstari wa mwisho niliouandika kwa mkono wangu ulikuwa wa choo cha wasichana, tundu la saba, mlango umetoka bawaba. Aliniuliza kama hilo nalo ni la chama. Nikamwomba aandike tarehe, na aandike wasichana ni wangapi.